Paa la Ndugu Kumi na Wawili

Barua ilifika Ijumaa, imebanwa kati ya tangazo la magodoro na kuponi ya kuku, na Odile Trosclair nusura aitupe pamoja navyo. Aliifungua akiwa bado amevaa aproni ya kazini, ile ya jikoni mwa shule, anakopikia watoto mia tatu chakula cha mchana hata wakati wa likizo. Mara ya kwanza aliisoma amesimama. Mara ya pili alivuta kiti.

"Leander! Njoo unisomee hapa, pengine ni macho yangu."

Mumewe alikuja taratibu, mkono kiunoni. Mgongo wake ulibaki kwenye karakana ya meli, alikochomelea vyuma miaka ishirini na sita, na sasa karakana ilimpa siku tatu kwa wiki kwa huruma tu. Alisoma midomo ikichezacheza.

"Macho yako mazima," alisema. "Wametuacha."

Kampuni ya bima ilieleza, kwa upole wa mtu anayempapasa nguruwe kabla ya kisu, kwamba inafunga biashara katika wilaya zote za pwani ya Louisiana. Bima ya nyumba yao ingekoma usiku wa tarehe thelathini na moja Julai. Iliwashukuru kwa miaka kumi na tisa ya uaminifu.

"Hatujachelewesha hata mwezi mmoja," Odile alisema. "Mwaka ule wa kimbunga kikubwa tulilipa bima kabla hatujanunua friji. Mwezi mzima maziwa ya Noelie, naye bado mchanga, tunaweka kwenye barafu ya samaki."

"Na wewe unadhani wanaikumbuka friji yetu?"

Nyumba ile aliijenga baba yake Odile, na haikuwa na deni la mtu. Deni lilikuja baadaye, maji yalipofika madirishani, wakakopa benki ili waiinue juu ya nguzo kama majirani wote. Benki ilikubali kwa sharti moja: nyumba isikae hata siku moja bila bima. Ikikaa, benki yenyewe inakununulia bima, kwa bei inayoitaka yenyewe, na gharama inakubandikia juu ya mkopo wako. Ndivyo alivyokwisha mama Earline, nyumba ya nne kutoka kwao. Malipo yake ya mwezi yalipanda kutoka dola mia sita mpaka elfu mbili, na kabla ya mwaka kuisha nyumba ikawa na kibao cha mnada. Sasa analala kwenye kochi la mwanawe huko Baton Rouge, na mkwewe humwambia apunguze sauti ya televisheni.

Odile aliikunja barua ile mara nne, ikawa ndogo kama hirizi. Alikuwa na siku arobaini na moja.

Alianza kupiga simu saa za mapumziko, amejifungia stoo ya shule kati ya magunia ya mchele. Aligundua haraka kwamba kuna namba ya kutotaja mapema. Ukishataja tu namba ya posta ya Pointe-Mouton, sauti upande wa pili hubadilika, kama mtu aliyeambiwa una ugonjwa wa kuambukiza.

"Nyumba iko umbali gani kutoka majini?"

"Maji yapi? Ya mbele au ya nyuma?"

"Samahani mama, huko hatuandiki bima."

Mmoja alimuuliza kama ana mbwa. Alisema anaye, mzee, hana meno. Akaulizwa ni wa aina gani. Akasema ni aina ya kulala. Kijana wa kwenye simu hakucheka, akaandika kitu, halafu akasema samahani kama wenzake.

Noelie, binti yake, alijaribu kwenye mtandao. Alijaza fomu moja tu, na kabla hajainuka kitini simu ya mama yake ilianza kulia. Wakapiga watu wa bima ya gari, ya mbwa, ya meno, ya mazishi.

"Hao wa mazishi ndio pekee walionipokea kwa mikono miwili," Odile alimwambia Leander. "Hawakuniuliza hata naishi wapi."

Kampuni ya kumi na saba ilipomkatia simu, alimeza kiburi akaenda kwa Yvette Hotard. Yvette alikuwa wakala wa bima, ofisi yake imebanana na saluni, na walikuwa wamesoma pamoja mpaka darasa la nane. Tangu hapo mmoja aliendelea kupanda ngazi na mwingine akaenda kumenya kamba kiwandani. Hawakuwa na ugomvi, ila walikuwa wakionana wanaulizana habari za watoto na kuagana upesi.

"Shoga, kaa," Yvette alisema. "Na usinitazame hivyo, siyo mimi niliyekufukuza. Toka asubuhi wewe ni wa tisa."

"Nipe bei tu, Yvette. Moyo nimeshauacha nyumbani."

Yvette aligeuza kompyuta ili Odile aone mwenyewe. Bima yao ya zamani ilikuwa dola elfu mbili na mia tisa kwa mwaka. Shirika la serikali, linalopokea wale waliokataliwa na wote, lilitaka elfu kumi na moja na mia nne.

"Kwa mwaka?"

"Kwa mwaka. Na ile ya benki itafika elfu kumi na sita."

Odile alikuwa akileta nyumbani elfu kumi na tisa kwa mwaka mzima, akiwa hajaugua hata siku moja. Aliitazama ile namba mpaka ikaanza kucheza.

"Ngoja usilie kwanza," Yvette alisema. "Ipo moja. Wageni, wametoka kaskazini, bado hawajaungua. Elfu tano na mia mbili. Lakini wanataka nyumba iliyoinuliwa na paa imara. Ya kwenu imeinuliwa, hiyo tumepita. Paa lina umri gani?"

Hapo Odile alipata nguvu. Mwenye nyumba anayesikia haya atege sikio vizuri, maana hapa ndipo mdomo wa Odile ulipomponza.

"Miaka mitatu!" alisema, akajiweka sawa kitini. "Tena paa siyo paa la kulipia. Aliezeka Clovis, kaka yake Leander, na wadogo zake, na mabinamu. Wanaume kumi na wawili, siku mbili, hakuna aliyedai hata senti. Misumari walipiga mara mbili ya ile ya kawaida. Mimi nilipika mchuzi wa gambo wa kuku na soseji, masufuria matatu, na watu walikula wamesimama. Kimbunga cha mwaka juzi kilibeba paa la shule, la kwetu hata bati halikutikisika!"

Yvette alikuwa akiandika huku anasikiliza. Ghafla vidole vyake vikasimama.

"Nini?" Odile aliuliza.

"Umesema shemeji yako. Ana leseni ya ufundi?"

"Leseni ya nini? Clovis ameezeka nusu ya nyumba za huku. Hata kanisa."

"Kibali cha ujenzi mlichukua? Risiti?"

"Yvette, nani huku anachukua risiti kwa ndugu yake? Wewe mwenyewe umezaliwa hapa. Kimbunga kikipita tunapeana mkono. Leo kwangu, kesho kwako."

"Najua, shoga. Hata la kwangu liliezekwa hivyo hivyo. Lakini mimi nilipoulizwa nilisema fundi amekufa." Alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki. "Ungeniambia nje kwanza, tungetafuta la kusema. Sasa nimeshaandika na nimeshabonyeza."

"Futa."

"Haifutiki. Ikishaingia humu, kampuni zote zinaiona. Kwao, paa lisilo na fundi mwenye leseni halina tarehe ya kuzaliwa. Ni kama halipo."

"Lipo! Lipo juu ya kichwa changu, Yvette!"

Mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake aligeuka kutazama. Odile akashusha sauti, akaokota mkoba wake. Mlangoni Yvette alimpa jina la fundi mwenye leseni, limeandikwa nyuma ya kadi, na kumfinya mkono kama mtu anayetoa pole msibani.

Fundi Dufrene alipanda juu ya paa Alhamisi, akakaa huko karibu saa nzima. Odile alisimama chini akimsikia akitembea na kugonga. Alimwomba Mungu amwonyeshe uzuri wa kazi ile, na Mungu alimwonyesha.

"Nani aliyefanya hii?" Dufrene aliuliza aliposhuka. Alikuwa mtu mnene, jasho limemwingia machoni.

"Shemeji yangu."

"Anatafuta kazi?"

"Ana miaka sitini na saba."

"Hasara yangu. Vijana wangu hawafungi bati hivi hata niwasimamie na bunduki. Hili paa litakuona ukizikwa, mama."

Odile aliona mlango unafunguka. "Basi tuandikie hivyo hivyo. Andika ulivyosema."

Dufrene alichezea penseli yake. Alionekana mtu asiyependa alichotaka kusema.

"Nikiandika nimeezeka mimi, nimedanganya, na leseni yangu inakwenda. Nikiandika ni zuri, kampuni haijali neno zuri. Wanataka picha. Picha za mbao tupu, za kila msumari, za kila hatua kabla bati halijalala. Sasa hizo mbao nitazipiga picha vipi na bati liko juu?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo linashuka."

Odile aliangalia juu. Mabati yalikuwa yakimeta juani, yamenyooka kama mistari ya daftari la mtoto mpya shuleni.

"Unalishusha paa zima, halafu unaliezeka tena?"

"Ndiyo. Elfu kumi na saba na mia sita. Hayo mabati ya zamani naweza kuyachukua mimi, nikupunguzie mia nne."

Kuna msaada wa serikali kwa ajili ya mapaa, unaopigiwa kura kama bahati nasibu. Odile alikuwa amejiandikisha mara mbili, na mara zote mbili alikosa.

Leander aliuza boti. Ilikuwa boti ndogo ya kamba na kaa, na mashine yake, na nyavu. Alipata elfu saba na mia mbili kwa mtu wa mjini aliyesema ataipaka rangi ya waridi aiweke mbele ya mkahawa wake. Leander alizihesabu zile pesa mbele ya mnunuzi, kisha akaenda kukaa bafuni na maji yanatiririka.

Ukiacha akiba waliyoiwekea bima na dharura, zilizobaki zilikuwepo mahali pamoja tu. Noelie alikuwa amekusanya elfu tisa za chuo cha uuguzi kule Thibodaux: tatu za mama yake alizopata kwa kuuza keki kila Jumamosi, na sita zake mwenyewe za kupakia mifuko dukani tangu ana miaka kumi na tano. Chuo kilikuwa kinafungua katikati ya Agosti. Alishanunua viatu vyeupe.

Odile alitafuta namna ya kuanza, akakosa. Alipanga sahani, akazipangua.

"Chukua, mama," Noelie alisema bila kugeuka, anaosha vyombo.

"Sijasema kitu."

"Wiki nzima unaniangalia kama kuku wa sikukuu. Chukua."

"Ni mwaka mmoja tu, mwanangu. Mwakani..."

"Mwakani watataka elfu saba. Mwaka unaofuata watafunga duka." Aliifuta sahani ile mara ya pili, ilhali ilikuwa kavu. "Chukua tu, mama. Ila usiniambie mwakani."

Odile angependa binti yake apige kelele. Kelele angejua la kufanya nazo.

Bado alibaki Clovis.

"Wewe ndiye uliyemtaja kwa Yvette," Leander alisema. "Wewe ndiye umwambie."

"Ni kaka yako!"

"Ndiyo maana."

Clovis alikuja Jumapili baada ya misa, kama kila Jumapili, akakaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Alikuwa na mikono mikubwa iliyokauka kama ngozi ya mamba, na kikombe cha kahawa kilipotelea ndani yake. Odile alimwekea sukari vijiko vitatu, akabaki amesimama.

"Shemeji, kuna jambo la paa."

"Linavuja?"

"Halivuji."

"Limeinuka pembeni? Upande wa kusini nilisema tuongeze ukanda."

"Halijainuka popote, shemeji."

"Basi limekosa nini?"

"Limekosa karatasi."

Clovis alicheka. Alidhani ni mzaha, maana Odile alikuwa na mizaha yake. Kisha akamtazama Leander, akaona amekodolea macho kitambaa cha meza, na kicheko kikamwishia mdomoni. Odile alimwambia yote: barua, benki, Yvette, picha za mbao. Aliongea haraka haraka, kama mtu anayevuka daraja bovu.

"Nimeezeka kanisa," Clovis alisema alipomaliza. "Nimeezeka la baba yako, Mungu amrehemu, naye alinishikia ngazi. Nani alinidai karatasi?"

"Sidai mimi, shemeji."

"Sasa nani anadai? Yuko wapi? Mlete hapa anywe kahawa, tuzungumze."

"Hayupo. Ni kampuni."

"Mtu anakuja kuvua kofia ya nyumba ya mdogo wangu, na hana hata uso?"

"Kaka," Leander alianza.

"Wewe nyamaza. Ulikuwa upande wangu umeshika nyundo. Unajua nini kiko chini ya lile bati."

Leander alinyamaza. Odile alimchukia kidogo kwa kunyamaza kule, na akajichukia mwenyewe zaidi.

"Tutapoteza nyumba, shemeji," alisema. "Uliona ya mama Earline. Unataka na mimi nikalale kwenye kochi la mtu?"

Clovis aliinuka. Kahawa ilikuwa nusu. Hakuwahi kuacha kahawa nusu katika nyumba ile tangu Odile aolewe.

"Toeni," alisema. "Nyumba ni yenu. Ila siku maji yakiingia tena, usiwapikie wadogo zangu gambo. Wapikie hao wenye karatasi."

Alishuka ngazi moja moja, na gari lake lilipoondoka halikupiga honi.

Vijana wa Dufrene walikuwa sita, wenye adabu, wanaimba Kihispania. Asubuhi ya kwanza waliimba. Kufikia mchana walikuwa wanatukana. Misumari ya Clovis haikutaka kutoka; iling'ang'ania mbao kama jino la mtoto mkaidi, na mbao mbili zilipasuka kwa kung'olewa. Kila bati lililoanguka chini lilipiga kelele iliyosikika mpaka kanisani. Odile alipika maharage na wali akawapa vijana wale, maana njaa haina kosa, lakini aliwapikia bila kitunguu cha majani, na akajua kwa nini.

Walimaliza tarehe ishirini na saba Julai. Picha zikatumwa ili paa lipewe cheti. Siku hiyo hiyo kimbunga kilipewa jina kule visiwani.

"Sikiliza vizuri," Yvette alimwambia kwenye simu. "Kikivuka kikaingia Ghuba yetu, kalamu zetu zinafungwa. Hakuna wakala atakayeandika bima mpya mpaka kipite. Omba cheti chako cha paa kifike kabla."

Odile aliomba. Alikuwa akikoroga mchuzi kwenye sufuria la watoto na simu ameiegemeza kwenye mtungi wa chumvi, anatazama ramani, alama nyekundu inatambaa kama siafu. Tarehe thelathini, saa tano asubuhi, Yvette alipiga: cheti kimefika, kimbunga kimebakiza kama saa mbili. Odile alitoka mbio na wavu wa nywele kichwani. Msimamizi alimpigia kelele kwamba anamkata nusu siku. Akamjibu akate yote.

Yvette alikuwa amepanga karatasi tayari.

"Hapa. Na hapa. Inaanza tarehe moja, saa sita na dakika moja usiku. Na hapa weka sahihi kwamba umeelewa."

"Nimeelewa nini?"

"Kwamba kimbunga kikiwa na jina, sehemu ya kwanza ya hasara ni yako. Asilimia tano ya thamani ya nyumba."

"Ambayo ni ngapi?"

Yvette alikohoa. "Elfu kumi na moja na mia mbili. Ikipita hapo, ndipo wao waanze."

"Na kisipokuwa na jina?"

"Elfu mbili."

"Basi Mungu atuletee visivyobatizwa," Odile alisema, akaweka sahihi. Saa sita kasoro dakika kumi. Alipofika kwenye gari aligundua wavu bado uko kichwani, na kwamba alikuwa ameushikilia usukani kwa nguvu mpaka kucha zimeacha alama.

Aliwaza: nimeiokoa. Alilisema kwa sauti, peke yake, ili alisikie.

Kimbunga kiligonga usiku wa tarehe mbili Agosti, mbali na wao, magharibi kabisa. Pointe-Mouton ilipata upepo wa pembeni tu. Wenye kujua walisema kilikuwa kitoto. Lakini kitoto kile kilishika kofia ya paa, lile bati la juu linalofunika mgongo wa nyumba, kikaing'oa urefu wa mita saba upande wa nyuma. Mvua ikaingia chumbani kwa Noelie na juu ya jiko.

Asubuhi Leander alisimama uani, shingo juu.

"Walitumia skrubu fupi," alisema. "Kaka angelitumia..."

"Usimalize," Odile alimwambia.

Mkaguzi wa kampuni alikuja baada ya siku sita, kijana mwenye kamera inayoruka. Hakupanda. Aliketi garini kiyoyozi kikinguruma, mashine yake ikazunguka juu kama nyigu, kisha akashusha kioo.

"Hasara elfu nne na mia tatu, mama. Iko chini ya sehemu yako."

"Kwa hiyo mnalipa ngapi?"

"Sifuri."

"Nimewalipa elfu tano na mia mbili wiki iliyopita."

"Na bima yako iko hai," alisema, kama anayempongeza. "Jambo moja tu. Atengeneze yule yule aliyeezeka. Mkono usio na leseni ukigusa hapo, cheti cha paa kinakufa, na bima imesimama juu ya cheti."

Odile alimpigia Dufrene. Dufrene na vijana wake walikuwa magharibi, kimbunga kilikopiga sawasawa, ambako kila nyumba ilikuwa pesa. Alisema atakuja tarehe ishirini na nne, akijaliwa. Turubai walilolaza kwa mifuko ya mchanga, maana msumari hawakuthubutu, lilipeperuka siku ya pili likaenda kukaa kwenye mti wa jirani. Na ni Agosti. Huko Agosti mvua haikosi alasiri. Walipanga ndoo, beseni, na yale masufuria matatu makubwa. Noelie alihamia sebuleni na viatu vyake vyeupe kwenye boksi.

Tarehe kumi na moja, mawingu yakiwa yameshajaa, Odile alisikia gari. Alitoka barazani. Clovis alikuwa ameshashuka, na wadogo zake wawili nyuma ya gari na ngazi. Mkanda wa zana alikuwa ameufunga kiunoni. Hakusalimu.

"Nimeliona turubai lako kule juu ya mti," alisema. "Barabara nzima inaliona. Kofia ya paa ni kazi ya saa moja. Mvua haijaanza."

Lilikuwa jambo kubwa, na Odile alilijua ukubwa wake. Mtu yule hakuwahi kurudi mahali alipotukanwa, hata kwa baba yake mzazi. Leander alitoka ndani, na uso wake ulifunguka kama wa mtoto aliyesikia jina lake. Alikuwa ameshashuka vidato vitatu mgongo ukiwa umesahau maumivu. Kisha akasimama, akageuka kumtazama mkewe.

Odile alihesabu. Hakutaka, lakini kichwa kilihesabu chenyewe. Elfu tisa za Noelie. Boti. Elfu tano na mia mbili. Msumari mmoja tu, na mashine ile inayoruka ikirudi kuupiga picha, vyote vimekwenda bure, na benki inakuja na elfu kumi na sita zake.

"Hapana, shemeji."

"Hapana nini?"

"Usipande. Nakuomba. Ukigusa, karatasi inakufa."

Mmoja wa wale wadogo, aliyekuwa ameshika ngazi, alitema mate pembeni. "Twende zetu, kaka," alisema. "Si nilikwambia."

Clovis hakugeuka. "Kwa hiyo maji yaingie."

"Mpaka tarehe ishirini na nne."

"Mpaka tarehe ishirini na nne," Clovis alirudia polepole, kama mtu anayefundishwa sala ya dini nyingine.

Matone ya kwanza yalianguka, mazito, yakachora vumbi la gari. Odile alingoja aondoke. Alikuwa tayari kwa hilo. Hilo lingekuwa haki. Clovis alifungua mkanda wa zana, akauweka juu ya kiti cha gari, akafunga mlango. Akapanda ngazi za nyumba, vidato kumi na sita, akipumzika katikati. Mlangoni alivua kofia.

Ndani maji yalikuwa yameshaanza, tone hapa, tone pale, kila chombo na sauti yake. Alisimama chumbani kwa Noelie akitazama dari iliyovimba, na macho yake yakaenda moja kwa moja mahali penye ufa, kama macho ya daktari. Midomo ilisogea. Alikuwa akipima mita. Kisha akateremsha macho mpaka miguuni pake, kwenye ndoo iliyojaa hadi ukingoni.

"Na hii?" alimuuliza Odile. "Hii naruhusiwa kuishika?"

Odile alitangulia, akamfungulia mlango wa nyuma akamwage.